Iulize Skana Yenyewe Kabla ya Kuskani

Hapa steshenari kwetu Majengo, Dodoma, kazi kubwa ni vyeti. Wanafunzi, waombaji wa ajira, kila mmoja anataka faili dogo linalosomeka. Kompyuta yetu inatumia mfumo wa Ubuntu, na uwezo wa skana siutafuti kwenye boksi lake. Naiuliza yenyewe.

Hatua ya 1. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

`scanimage -L`

Amri ikikataa, sakinisha kifurushi cha `sane-utils`. Jibu litakuja na jina refu, mfano `genesys:libusb:001:004`. Neno la mwanzo ni draiva, programu inayoiendesha skana. Namba za mwisho zinategemea USB, na umeme ukikatika ukarudi zinaweza kubadilika. Mimi niliwahi kuzibandika ukutani, usinicheke.

Hatua ya 2. Omba orodha ya mipangilio, ukiweka lile jina refu mahali palipoandikwa `jina`. Skana haitasoma karatasi yoyote:

`scanimage -d 'jina' -A`

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Utaona mistari kama hii:

`--resolution 75|150|300|600dpi [75]`
`-y 0..297mm [297]`

Vijiti vilivyosimama vina maana uchague kimojawapo, 200 haimo. Nukta mbili mfululizo (`..`) ni kutoka hapa hadi pale, thamani yoyote ya katikati inaweza kupita, ila pale orodha inapotaja hatua za kuruka. Kilicho kwenye mabano ya mraba ndicho kitakachotumika usiposema kitu. Kwa mfano huu, ukinyamaza unapata nukta 75 kwa inchi, na muhuri wa cheti unatoka ukungu mtupu. Mimi naweka 300. A4 ya rangi kwa 300 ni kama MB 26 kabla ya kubanwa. Kwa 600 inakuwa mara nne, na mteja hataona tofauti.

Mstari wa `-y`, yaani urefu wa eneo litakalosomwa (`-x` ni upana), ndio ulioniaibisha. Mzee mmoja alileta mkataba wa kiwanja kwenye fulskepu. Nikaskani, nikamkabidhi. Akautazama, akasema: "Kijana wangu, sahihi zimekwenda wapi?" Zilikuwa chini kabisa ya karatasi. Fulskepu ina urefu wa milimita 330 hivi, na kioo changu kinaishia 297. Orodha ilikuwa imeshaniambia.

Hatua ya 4. Uliza tena, safari hii ukiwa umetaja chaguo utakalotumia, kwa sababu majibu hutegemeana:

`scanimage -d 'jina' --source ADF -A`

ADF ni ule mlango wa juu unaovuta karatasi zenyewe. Kwenye mashine yetu ya pili, ukiutaja, `-y` inarefuka na fulskepu inaingia. Vivyo hivyo neno `inactive` halimaanishi skana imeharibika. `--threshold`, kwa mfano, mara nyingi hulala mpaka uchague `--mode Lineart`, yaani nyeusi na nyeupe tupu.

Hatua ya 5. Sasa skani:

`scanimage -d 'jina' --source ADF --mode Gray --resolution 300 -x 210 -y 330 --format=png > mkataba.png`

Nakili majina ya machaguo kama orodha ilivyoyaandika. Jina lenye nafasi katikati, kama `'ADF Duplex'`, lifunge kwa alama za kunukuu, la sivyo terminali italisoma kama maneno mawili.