Siku ya kwanza New York, mwili bado uko Dar
Ukitua New York asubuhi usijidanganye eti unalala kidogo tu, utaamka saa nne usiku macho makavu na hapo ndo umeshajiharibia. Kiangazi wako nyuma yetu masaa 7, yaani kwao saa mbili usiku mwili wako unajua ni saa tisa usiku, lazima usinzie kwenye sahani. Begi liache mapokezi, hoteli nyingi wanakushikia hata kama chumba bado, badili soksi (usicheke, inasaidia), toka nje kwenye mwanga. Mi nashauri feri ya Staten Island, ni bure kabisa, dakika kama 25 hivi kwenda, unapigwa upepo na Sanamu ya Uhuru unaiona bila kutoa hata senti. Makumbusho achana nayo siku hiyo. Kahawa mwisho saa sita mchana. Ukizidiwa lala dakika 20 kwa alamu, ila kwenye kochi sio kitandani, kitanda kitakumeza, halafu jikaze mpaka saa tatu usiku. Ukishtuka saa tisa usiku njaa inauma ni kawaida, nyumbani saa hizo ni saa nne asubuhi, kwa hiyo nunua ndizi mapema uweke pembeni.