Nani anunue vijenzi vya bodi yako: wewe au kiwanda?

Bodi ya saketi ikishafanya kazi mezani, swali linalobaki ni la pesa: kiwanda kitakachoziunganisha kwa wingi kinunue vijenzi chenyewe, au uvinunue wewe ukipelekee? Wengi Kampala hulijibu kwa kulinganisha bei ya rizista. Lakini rizista haijamfilisi mtu. Kinachofilisi ni bodi 200 zilizolala kiwandani wiki tano kwa kukosa kiunganishi kimoja cha nyaya, na aliyesahau kukiagiza ni wewe.

Anayenunua ndiye anayebeba kosa. Kiwanda kikinunua IC (chipu) mbovu, kiibadilishe kwa gharama yake. Ukiinunua wewe, watailehemu kama ilivyo na kukutumia bili ya kazi. Kwa hiyo usiamue kwa bodi nzima. Amua mstari kwa mstari.

Tuchukue mfano wa kidhibiti chaji cha sola cha volti 12: bodi 200, zinaunganishwa Shenzhen, zinafungwa kwenye makasha Kampala.

Kwanza, orodha

Orodha ya vijenzi, ile BOM, iwe kwenye lahajedwali. Kila mstari uonyeshe alama za mahali kwenye bodi (R1, C4 na kadhalika), idadi kwa bodi moja, jina la mtengenezaji na namba yake kamili ya kijenzi. Sehemu zinazoachwa wazi makusudi ziandike DNP ("usiweke kitu"), la sivyo kuna mtu atazijaza. Mwisho weka safu mbili ambazo wengi huziruka: "ananunua nani" na "mbadala unaruhusiwa?"

Safu hiyo ya mwisho ndiyo ulinzi wako. Ukiandika "kapasita 10µF, 0603" bila zaidi, kiwanda kina haki ya kuweka chochote kinacholingana na maneno hayo. Ya aina ya X7R hubadilika kwa asilimia 15 tu, juu au chini, kati ya nyuzi −55 na 125. Ya Y5V inaweza kupoteza hadi asilimia 82 ya uwezo wake kabla hata ya kufika nyuzi 85. Zote mbili ni vijiwe vidogo vya kahawia visivyo na maandishi, na zikishalehemiwa huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Cha kuwaachia kiwanda

Waachie rizista, kapasita ndogo za kauri, LED na dayodi za kawaida. Bodi yetu ina kapasita 14 za 100nF: mara 200 ni 2,800, na ukiongeza asilimia 5 kwa zile zinazopotea kwenye mashine unapata 2,940. Kwa ukubwa wa 0603 rili, yaani gurudumu la mkanda uliojaa vijenzi, huwa na 4,000. Wewe ungenunua rili nzima ubaki na elfu moja na ushee droo. Kiwanda kina rili hiyo tayari kwenye fida (kilishio cha mashine) na kitakutoza ulichotumia. Ukiweka muda wako, nauli ya kifurushi na makosa ya kuhesabu, huwezi kukishinda hapo, hata kikiongeza faida yake juu ya bei. Mwambie tu aiandike faida hiyo kwenye nukuu ya bei kama mstari wa peke yake, isijifiche ndani ya bei ya kila kijenzi.

Kwenye makubaliano uliza pia jambo moja: kiwanda kikilazimika kununua rili ya 5,000 wakati wewe unahitaji 600, zilizobaki analipia nani, na ni za nani?

Cha kushika mwenyewe

Shika mikrokontrola (chipu inayobeba programu), MOSFET za nguvu (swichi za kielektroniki), kapasita za elektroliti na viunganishi vinavyotokeza nje ya kasha. Hivi ndivyo vinavyorudisha bidhaa dukani.

Elektroliti ni mfano mzuri wa akiba isiyo na akili. Kuna inayokadiriwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, na pacha wake wa saa 2,000 kwa nyuzi 85. Umbo ni lile lile na bei zinakaribiana. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila ukishusha joto kwa nyuzi 10, maisha yake huongezeka maradufu. Kidhibiti kikipigiliwa ukutani chini ya mabati huko Gulu, na ndani ya kasha kukawa na nyuzi 65 mfululizo, ya 105 itafika saa 32,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Ya 85 itafika saa 8,000, kama miezi kumi na moja. Ukitoa dhamana ya mwaka mmoja, hesabu iko wazi.

MOSFET ndizo zinazoghushiwa sana. Chukua IRF3205: karatasi ya data inasema ukinzani usizidi miliohmu 8, geti ikiwa na volti 10 (geti, dreni na sosi ndiyo miguu yake mitatu). Toa tano kutoka mirija tofauti ya plastiki inayozibeba. Weka volti 10 kati ya geti na sosi, pitisha ampea 5 kutoka dreni hadi sosi kwa umeme wa maabara wenye kikomo cha ampea, kisha pima kwa multimita kwenye miguu, karibu kabisa na mwili wa kijenzi. Unatakiwa kuona milivolti 40 au pungufu. Pima haraka, maana kikipata joto ukinzani hupanda. Ukiona 100, umeuziwa silikoni ndogo iliyovishwa jina kubwa, na mirija yote irudi. Kipimo hiki kinachukua dakika kumi, na hakuna kiwanda kitakachokufanyia bila kukutoza.

Mikrokontrola ina sababu nyingine: programu yako. Usikabidhi faili ya mwisho. Wape ya majaribio inayowasha LED na kusoma volti, halafu ile ya kuuza uipakie mwenyewe Kampala.

Betri zisiende huko kabisa. Litiamu zikisafiri peke yake (UN3480) huruhusiwa kwenye ndege za mizigo tu, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Na kasha la bati mafundi wa Katwe, hapa Kampala, watakukunjia wakiwa na bodi moja mkononi, jambo ambalo mchoro uliotumwa kwa barua pepe haulifanyi vizuri.

Namna ya kupeleka vya kwako

Usivilete Kampala kwanza, isipokuwa zile MOSFET tano za kupima. Vikipita Entebbe utavilipia VAT, kisha uvisafirishe tena kwenda China vikakaguliwe forodha ya huko. Agiza kwa muuzaji anayeweza kupeleka moja kwa moja kiwandani. LCSC, kwa mfano, iko Shenzhen.

Agiza mkanda mmoja usiokatika kwa kila aina. Vipande vinne vya vijenzi 50 si sawa na kimoja cha 200: mashine inahitaji mkanda mtupu wa kuanzia, na kila kipande kinakula muda wa fundi ambao utaulipia. Ongeza IC tatu hadi tano juu ya idadi, kwa sababu moja ikidondoka sakafuni hakuna atakayekubali kuirudisha kwenye bodi. MOSFET za umbo la TO-220 huja kwenye mirija ya 50. Kwa MOSFET mbili kila bodi, chukua mirija tisa.

Usifungue mfuko wa rangi ya fedha wa IC ili "kuhesabu". IC ya kiwango cha 3 cha unyevu ina saa 168 tu nje ya mfuko kabla ya kuingia tanuri la kulehemu. Ikizidisha, unyevu ulioingia hugeuka mvuke na kupasua mwili kwa ndani, na bodi itapita majaribio leo ife baada ya miezi miwili. Kuioka kwa nyuzi 125 kunasaidia zilizo kwenye trei, lakini mkanda wa plastiki hauvumilii joto hilo.

Muuzaji abandike kwenye kila mfuko namba ya mstari wa BOM, alama za mahali na idadi. Kiwanda kisianze kazi hadi kithibitishe kimepokea mistari yote, na bodi 5 za kwanza zipigwe picha kabla ya 195 zilizobaki. Vyote viwe vimefika kabla ya katikati ya Januari, au usubiri: Mwaka Mpya wa Kichina hufunga viwanda kwa wiki kadhaa.

Forodha

Hapa ndipo wanaonunua wenyewe hunaswa. Ankara ya kiwanda itaonyesha bei ya kuunganisha pamoja na rizista zake, labda dola 900. Vijenzi vyako vya dola 1,400 havimo. Ukitangaza 900 umetangaza pungufu: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka thamani ya vitu ambavyo mnunuzi amempa mtengenezaji iongezwe kwenye thamani ya mzigo. Mpe wakala wako wa forodha ankara zote mbili tangu mwanzo, pamoja na hati za nauli na bima, ndipo URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) ihesabu ushuru, VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 6 kwa asiye na msamaha. Kama umesajiliwa kwa VAT, utaidai kwenye ritani, na ile ya zuio inakatwa kwenye kodi yako ya mapato, mradi hati za forodha ziwe na jina la kampuni yako na TIN yake. Zikiandikwa kwa jina la wakala au la rafiki aliyekubebea mzigo, huna cha kudai.