Tembea mpaka Moro ukiwa mtaani kwako

Jamani mnaoanza mazoezi halafu mnaacha, jaribuni hii. Fungua karatasi ya Google Sheets kwenye simu, chagua safari unayoijua, mimi nimechukua Dar mpaka Morogoro, kama kilomita 190 hivi, kisha kila ukitembea au kukimbia unaandika tarehe na kilomita, na ukishaweka fomula ya kujumlisha (SUM) jumla inajipiga yenyewe. Kilomita 4 mara 5 kwa wiki, wiki 10 umeshafika. Ila andika siku hiyohiyo, ukisema utaandika kesho unasahau kabisa na hesabu inavurugika. Juzi kwa hesabu ya karatasi nimeingia Chalinze, mji ulio njiani kwenda Moro, nikiwa nazunguka uwanja wa shule hapa jirani, nilifurahi mno aisee, nikaongeza raundi 2 papo hapo.