Kutafsiri neno «frailty» kwa Kirusi

Kabla ya kufungua kamusi, tambua kwanza ni udhaifu wa aina gani unaozungumziwa, kwa kuwa Kirusi hakina neno moja linalobeba maana zote za neno hili la Kiingereza. Matini ya kitabibu ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi: madaktari wa wazee nchini Urusi huiita hali hiyo starcheskaya asteniya, yaani astenia (kuishiwa nguvu mwilini) ya uzeeni, na mfasiri akiandika slabost, msomaji ataelewa uchovu au ulegevu wa kawaida tu, ilhali mwandishi alikusudia hali inayotambuliwa kwa vipimo kama vile kupungua uzito na nguvu za mkono. Kwa mwili mwembamba unaoonekana kuweza kuumia kwa urahisi, khrupkost linafaa, nalo hutumika pia kwa kioo. Nemoshch ni la zamani kidogo, lakini mimi hulipendelea katika masimulizi kuhusu mgonjwa au mzee aliyeishiwa nguvu. Brennost huhusu kupita kwa maisha ya mwanadamu, hivyo liachie matini za kidini na ushairi. Udhaifu wa tabia, hasa ukiwa katika wingi, ni slabosti.