Hatua za kuwa mwalimu wa udereva: somo kwa walioko Dodoma na mikoa ya kati

Somo hili linawahusu madereva wenye leseni hai ambao wanataka kuhama kutoka kiti cha kulia kwenda kiti cha kushoto, yaani kuacha kuendesha wao na kuanza kumwongoza mwingine anayeendesha. Nitaeleza kwa hatua, lakini hatua hizo hazina uzito sawa. Zile za karatasi ni fupi na mtu mwenye subira anazimaliza, ilhali ile ya kujifunza kusema na mwanafunzi ndiyo inayowakwamisha hata madereva waliokaa barabarani muda mrefu, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Hatua ya kwanza: leseni na kumbukumbu zako

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, haimwachi kila mwenye gari afundishe udereva kwa malipo. Mwalimu anapaswa kuidhinishwa, na shule anayofundishia inapaswa kuwa na kibali chake. Kwa hiyo anza kwa kuiangalia leseni yako mwenyewe. Tangu mwaka 2019 leseni hudumu miaka 5 badala ya 3, na muda huo mrefu umewafanya wengi wasahau tarehe ya mwisho. Angalia pia madaraja yaliyoandikwa, kwa sababu huwezi kufundisha lori au basi ikiwa leseni yako haikuruhusu kuliendesha. Kisha ingia kwenye mfumo wa Polisi wa faini za barabarani, uweke namba ya leseni na namba ya gari, na ulipe deni lolote utakalolikuta. Mwombaji wa ualimu anayedaiwa faini za mwendo kasi anajiharibia mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Hatua ya pili: kurudi darasani

Kwa aliyeko Dodoma, vyuo vya kufikiria kwanza ni Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, na vyuo vya VETA, hasa kile cha Kihonda, Morogoro, kinachojulikana kwa mafunzo ya madereva. Morogoro pia kuna Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi, ambacho kinawafaa wanaotaka kuingia katika ufundishaji kwa undani zaidi ya gari peke yake. Safari zenyewe si mzigo kama zamani, kwa kuwa tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma na kupita Morogoro.

Unapowasiliana na chuo, uliza swali moja kwa uwazi: je, hii ni kozi ya ukufunzi wa udereva au ni kozi ya kumwongezea dereva ujuzi? Kozi za udereva wa juu, za magari ya abiria na za magari makubwa ni nzuri, nami nashauri mtu apitie mojawapo kabla ya ile ya ukufunzi, lakini cheti cha kuendesha basi hakimfanyi mtu kuwa mwalimu. Wapo waliolipa ada, wakakaa darasani hadi mwisho, ndipo wakagundua kwamba kozi waliyosoma siyo waliyoihitaji.

Hatua ya tatu: kujifunza kusema

Dereva mzoefu haendeshi kwa kufikiri neno kwa neno. Mguu unafika kwenye klachi kabla hajaitaja, na jicho linarudi kwenye saiti mira bila kuagizwa. Huo ndio uzuri wa uzoefu, na kwa mwalimu huo ndio ugumu, kwa sababu mambo yaliyokwisha kuzama mwilini inabidi ayatoe tena na kuyapanga kwa maneno ambayo mtu mwenye hofu anaweza kuyafuata.

Zoezi la kuanzia ni kuendesha huku unasema. Toka Nanenane kuelekea Mtumba ukiwa peke yako, na useme kwa sauti kila unachokiona na kila unachokusudia kufanya: "Mbele bajaji imewasha indiketa ya kushoto, natazama saiti mira, naachia mafuta, nabaki nyuma yake." Mwanzoni utagundua kwamba mdomo unachelewa na unasimulia tendo lililokwisha pita. Endelea mpaka mdomo uwe unatangulia miguu, kwa sababu mwalimu anayesema baada ya tendo hana faida kwa mwanafunzi.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linasogea zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukisema "pinda kushoto hapo" njia panda ikiwa mita 15 mbele, umempa mwanafunzi chini ya sekunde 2 za kusikia, kuelewa, kutazama kioo, kuwasha indiketa, kupunguza mwendo, kubadili gia na kuzungusha usukani. Hata wewe usingeweza. Sema mita 80 kabla, naye atapata kama sekunde 10. Taja mahali kwanza, kisha tendo: "Barabara ya pili kushoto, baada ya kituo cha mafuta, tutapinda." Akiwa bado hajazoea, mwambie arudie alichosikia.

Agiza la kufanywa, usikemee lisilotakiwa. Ukimpigia kelele mwanafunzi aliyeshtuka kwamba asikanyage breki, kuna uwezekano mkubwa kwamba ataikanyaga, kwa kuwa breki ndiyo kitu pekee ulichomtajia. Mwambie "achia mafuta taratibu", na mguu wake utakuwa na kazi ya kufanya. Tena jifunze kunyamaza. Kuna walimu wanaozungumza tangu gari linawashwa hadi linazimwa, kiasi kwamba mwanafunzi hasikii injini, honi, wala pikipiki inayokuja upande wake.

Mfano mzuri wa kunyamaza ni somo la klachi. Mwache mwanafunzi kwenye uwanja tambarare, gia namba moja, kisigino chake kikiwa kimekaa sakafuni, na umwambie aipandishe klachi kidogo kidogo huku anasikiliza. Mlio wa injini utashuka, pua ya gari itanyanyuka kidogo, na usukani utaanza kutetema mikononi mwake. Hapo mguu usimame. Usimwambie aondoe gari. Mwambie aikanyage tena klachi na kuitafuta sehemu ileile upya, hata mara nyingi, mpaka aipate akiwa anatazama mbele na si miguuni. Wengi huona zoezi hili linapoteza muda na mafuta, lakini mwanafunzi aliyelipita hazimi gari hovyo kwenye foleni, na wewe hutapigiwa honi kila taa zinapowaka kijani.

Hatua ya nne: gari la mafunzo na breki ya mwalimu

Gari liwe na alama ya L mbele na nyuma, breki ya ziada upande wa mwalimu, na kioo chako mwenyewe cha kutazama nyuma, kwa sababu kile cha dereva kimewekwa kwa ajili ya macho yake. Mwanafunzi naye awe na leseni ya kujifunzia mfukoni, ile ambayo wengi wanaiita lena, kabla hamjagusa barabara ya umma.

Breki ya mwalimu ni ya mwisho. Kwanza tumia neno, halafu mkono kwenye usukani, kisha breki. Hata hivyo mguu wako ukae karibu nayo wakati wote, bila kuikandamiza, kwa sababu kwenye kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha mwendo mjini, gari hupita karibu mita 14 katika sekunde moja utakayoitumia kuitafuta breki. Ukilazimika kuikanyaga, mwambie mwanafunzi wazi kwamba ni wewe uliyelisimamisha gari, kisha tafuteni mahali salama pa kuegesha na mzungumze kilichotokea. Usipomwambia ataamini kwamba alisimama mwenyewe, na kosa lile litarudi siku ambayo wewe hupo.

Hatua ya tano: kuidhinishwa

Ukiwa na cheti cha chuo, leseni hai, kitambulisho cha NIDA na nakala zake, nenda ofisi ya Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani wa mkoa wako, yaani kwa RTO, uulize utaratibu wa kupimwa na kuidhinishwa. Ni vyema uende kabla ya kulipa ada ya chuo pia, ili uthibitishe kwamba cheti unachokifuata ndicho kinachokubalika.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Manyoni: Shikamoo mwalimu. Nimeendesha malori miaka mingi na mteremko wa Sekenke naujua gizani. Kweli na mimi nikakae darasani?

Marahaba. Ndiyo, ukakae. Kuujua mteremko ni jambo moja, na kumweleza mwenzako kwa nini anashuka na gia ndogo badala ya kutegemea breki mpaka zipate moto ni jambo jingine. Uzoefu wako utakupa mifano ambayo kijana aliyetoka chuoni hana, ila jiandae kukosolewa mazoea. Madereva wa masafa wengi hushika usukani kwa mkono mmoja, na mwanafunzi huiga mkono kabla ya kuiga maneno.

Mwanachama wa Nkuhungu: Habari mwalimu. Mimi ni mwanamke na nimeambiwa kazi hii ni ya wanaume. Je, nitapata wanafunzi?

Salama dada. Utawapata, na huenda ukawapata mapema kuliko wengi, kwa sababu wapo wanawake wengi, na waume zao pia, wanaotafuta mwalimu wa kike na kumkosa. Hapa niseme na walimu wote: mkono wa mwalimu unaruhusiwa kwenye usukani, gia na handibreki, basi. Mguu wa mwanafunzi unarekebishwa kwa maneno. Anayedai kwamba hawezi kufundisha klachi bila kushika goti la mtu hajui kufundisha klachi.

Mwanachama wa Kondoa: Mwanafunzi wangu anaogopa kuondoa gari mlimani, linarudi nyuma na yeye anaachia kila kitu. Nifanyeje?

Chagua kilima kifupi kisicho na magari nyuma, na usianze na mlima mkali. Avute handibreki, aweke gia namba moja, akanyage mafuta kidogo, aipandishe klachi mpaka pua inyanyuke, kisha asubiri. Gari litakaa palepale, na akiona linakaa hofu hupungua. Ndipo aachie handibreki. Huko kwenu mjiandae pia kwa mifugo inayorudi jioni: mfundishe kusimama mapema na kuacha honi, kwa kuwa ng'ombe aliyeshtuliwa hukimbilia popote.

Mwanachama wa Chamwino: Nitajuaje kwamba niko tayari kufundisha mtu halisi?

Kuna njia naipenda kutoka Uingereza. Kule mtihani wa mwisho wa mwalimu wa udereva ni somo halisi: mtahini hukaa kiti cha nyuma na kutazama. Hupima mambo 17, kila moja kwa alama 0 hadi 3, na katika alama 51 mtu hufaulu akipata 31. Lakini sehemu ya kusimamia hatari ina ukali wake, kwani aliyepata alama 7 au chini yake hapo ameshindwa hata kama mengine ameyafanya vizuri. Nawe mwombe mwalimu aliyeidhinishwa akae nyuma siku unafundisha rafiki mwenye leseni anayejifanya mgeni wa gari, kisha akuambie mara ngapi ulisema ukiwa umechelewa.

Mwanachama wa Singida: Wanafunzi wengi sasa wanataka gari la otomatiki tu. Tuwakatalie?

Msiwakatalie, washaurini. Anayetafuta ajira ya udereva atakutana na magari mengi ya gia za mkono, hivyo aanze nayo. Anayejifunza ili afike kazini Mtumba na kurudi nyumbani kwa gari lake la otomatiki, apewe muda zaidi kwenye kipilefti, ambako anatakiwa kuwapisha wanaotoka kulia, na kwenye vivuko vya waenda kwa miguu.

Mwanachama wa Kizota: Nikishaidhinishwa naweza kufungua shule yangu mara moja?

Idhini ya mwalimu na kibali cha shule ni vitu viwili. Shule inahitaji jina lililosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ya Jiji, magari yaliyokaguliwa na kibali cha Polisi, pamoja na darasa lenye vifaa. Fanya kazi kwanza kwenye shule ya mtu mwingine, uone mafuta yanakwenda kiasi gani kwa mwanafunzi mmoja na klachi inabadilishwa baada ya muda gani, ndipo upange ada yako.