Risasi Uliyojaza Mwenyewe Inagoma Kuingia Chemba: Namna ya Kumtafuta Mchawi

Saa kumi na moja alfajiri, Makongolosi tumeiacha nyuma jana yake, kambini baridi inakata masikio. Mgeni wetu anausukuma mkono wa bolti (chuma kinachofunga chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu linamokaa risasi) kwa kiganja kama kondakta anayefunga mlango wa Hiace. Hausogei. Anarudi nyuma kidogo, anajiandaa kuupiga kwa nguvu zaidi. Nikamshika mkono. Bunduki ni ya saizi ya .375 H&H, risasi kazijaza mwenyewe kwao Marekani, na aliniapia kwamba huko nyumbani ziliingia bila shida.

Kazi yangu ni silaha za wageni. Nazipokea Mbeya mjini, nazisafisha, na tunazipima shabaha kabla ya kuingia pori la Rungwa. Kila msimu unaofunguliwa Julai sikosi mmoja au wawili wa namna hii, kwa hiyo nitaeleza ninavyofanya. Wewe uliye Tanzania ujue kwamba silaha na risasi zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kesi. Haya ni kwa mwenye kibali, na kwa wawindaji bingwa na mafundi wanaoletewa risasi za namna hii mezani.

Tukubaliane majina. Risasi ni kitu kizima. Ndani yake kuna ganda la shaba ya njano, lenye kitako, bega na shingo. Kuna kichwa kinachoruka, kuna baruti, na kuna fataki ya kuiwasha kule kitakoni.

Kwanza, acha kulazimisha

Bolti ya bunduki ya kuwindia ina meno yanayokaza kwa nguvu kubwa mno. Ukilazimisha utaweza kuifunga, na hapo ndipo shida inapozaliwa: risasi inakwama, kuifungua huwezi, na una risasi hai ndani ya mtutu. Ikishakufika hiyo, elekeza mtutu kwenye tuta la udongo, watu wasogee, ujaribu kuufungua mkono wa bolti taratibu. Ukigoma, mwite fundi. Usithubutu kuisukuma risasi hai kwa fimbo kutoka mdomoni mwa mtutu.

Vipimo vyote vinavyofuata, isipokuwa kile cha risasi ya kiwandani, navifanya kwa ganda tupu, au kwa risasi ya mfano isiyo na baruti wala fataki, na pini ya kupigia nimeitoa kwenye bolti. Kuitoa pini kuna faida mbili. Usalama ni ya kwanza. Ya pili, bila springi yake mkono wa bolti unashuka kwa uzito wake tu, hata mguso mdogo utausikia kwenye vidole. Springi ikiwapo inakuficha mengi.

Pili, tenganisha bunduki na risasi

Ingiza risasi ya kiwandani ya saizi ileile (pini imetoka, mtutu umeelekea tutani). Ikigoma nayo, acha kulaumu kalibu zako (vyuma vinavyolibana ganda lililokwisha kupigwa lirudi saizi yake). Angalia chemba kwa tochi. Barabara ya kutoka Makongolosi kwenda Rungwa ina vumbi jekundu linalopenya hata kwenye begi lililofungwa zipu, na likikutana na mafuta ya bunduki linageuka kama unga wa msasa uliolowa. Brashi ya chemba, kitambaa kikavu, jaribu tena. Kama chemba ni safi na risasi ya kiwandani bado inabana, hiyo ni kazi ya fundi bunduki mwenye geji ya kupimia chemba, si yako.

Ya kiwandani ikishuka vizuri, mchawi yuko kwenye risasi zako.

Tatu, jua imeharibika kabla au baada ya kuweka kichwa

Hapa watu wengi hupaparika. Wanaanza kukaza na kulegeza kila skrubu kwenye presi (mashine ya mkono ya kujazia risasi), kesho hawajui tena walianzia wapi. Chukua ganda tupu ambalo tayari umelirudisha saizi kwenye kalibu. Liingize chemba. Likigoma, kosa liko kwenye kurudisha saizi au kwenye urefu wa ganda. Likiingia laini, lakini ganda kama hilo lenye kichwa ligome, kosa limeingia wakati wa kuweka kichwa. Swali hili moja limeniokoa saa nyingi kuliko chombo chochote nilichonunua.

Nne, liache ganda lijieleze

Nunua maka peni nyeusi, zile za Mwanjelwa zinatosha. Futa ganda kwa spiriti, lisibaki na mafuta. Lipake wino lote, toka juu ya kitako mpaka mdomoni, na kama ni risasi ya mfano paka na kichwa. Ngoja ukauke. Liingize taratibu, funga mpaka pale mkono unapokataa, litoe, kisha lipeleke juani. Pale wino ulipokwanguka ndipo linapogusa.

Pete inayong'aa begani: bega limesogea mbele na kalibu haikulirudisha vya kutosha. Ndicho kilichokuwa kwa mgeni wetu. Alikuwa na bunduki mbili za .375. Maganda aliyapiga kwenye ile ya kwanza, akarudisha saizi ya shingo tu, kisha akaja na ile ya pili. Ganda hutanuka na kukaa umbo la chemba iliyolipiga, na chemba mbili za namba moja hazilingani kama mapacha. Tena .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, ina mshipi (ukingo mnene wa shaba) kitakoni unaoizuia isizame, kwa hiyo bega huachiwa nafasi ya kutanuka. Dawa: rudisha saizi ya ganda zima, ukiishusha kalibu kidogo kidogo na kujaribu kila mara, mpaka bolti ifunge bila kubana. Kwa bunduki ya bolti, kulirudisha bega nyuma kwa milimita 0.03 hadi 0.05 kunatosha. Ukizidisha, ganda litavutika kila linapopigwa na siku moja litakatika karibu na kitako.

Wino umekwanguka juu tu ya mshipi? Hapo kalibu nyingi hazifiki. Pima kwa venia (rula ya chuma yenye taya za kupimia unene) ukilinganisha na ganda jipya. Likiwa limevimba, mimi nalitupa.

Mdomo wa ganda umekwanguka: ni refu. Ganda la .30-06 (saizi nyingine ya kuwindia) halitakiwi kuzidi milimita 63.35, .375 H&H milimita 72.39. Shaba hutambaa mbele kila inaporudishwa saizi, kwa hiyo pima baada ya hapo, si kabla. Usilichukulie hili kimzaha: mdomo ukibanwa na chemba unakishika kichwa kisitoke, na msukumo wa gesi unapanda vibaya.

Mikwaruzo midogo kwenye kichwa, iliyopangana kwa nafasi sawa: kichwa kimekaa mbele mno, kinagusa mifereji ya mtutu. Kizamishe kufuata kitabu cha vipimo cha kichwa hichohicho. Niliwahi kuona kichwa kimebaki mtutuni na baruti imemwagika mpaka kwenye kifyatulio. Siku nzima ya uwindaji ikapotea.

Pete ya wino uliokwanguka chini tu ya shingo, kwa risasi iliyokazwa mdomo (mdomo wa ganda umebanwa ukishike kichwa): ukazaji umezidi, bega limevimba kama soksi iliyosukumwa. Kwa jicho huoni, venia itaona. Weka kichwa kwanza, kaza mdomo kwa hatua ya pili, na maganda yote yawe na urefu mmoja.

Mwisho, pitisha kidole kitakoni. Fataki iwe sawa na kitako au chini yake kidogo. Ikichomoza, usiibonyeze kwenye risasi iliyokwisha kujazwa. Tenga.

Za mgeni nilizipima moja moja mezani kwa geji ya ganda (kipimo chenye tundu la umbo la chemba). Kati ya arobaini zilipita kumi na moja, na hata hizo mwindaji bingwa wetu alizikataa. "Mbele ya nyati sitaki kubahatisha, kijana wangu," akaniambia. Mgeni akawinda na pakiti mbili za kiwandani alizobeba kama akiba, akinung'unika mpaka siku ya tatu. Zile arobaini nilizirudisha kwenye boksi, nikalizungushia selotepu, nikaandika juu kwa maka peni ileile: HAZIINGII.