Kuendesha shamba darasa la viwavijeshi vamizi kwenye mahindi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia afisa ugani mwenzangu kuanzisha shamba darasa lake la kwanza, yaani shamba ambako wakulima hukutana kujifunza pamoja. Mbinu hii ilianzia Indonesia mwaka 1989, katika mashamba ya mpunga, na msingi wake ni kwamba mkulima huelewa jambo kwa kulichunguza shambani, kulijadili na kuliamulia mwenyewe, wala si kwa kusikiliza hotuba chini ya mwembe.

Hatua ya 1: Shamba na kikundi
Chagueni shamba lililo karibu na njia, mligawe mara mbili: upande mmoja ulimwe kwa mazoea, upande wa pili ufuate uamuzi wa darasa. Washiriki 25 hadi 30 wanatosha, nao wakutane kila wiki, asubuhi, hadi mavuno.

Hatua ya 2: Kukagua
Kila kikundi cha watu watano kikague miche 10 na kuhesabu iliyoshambuliwa. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia.

Hatua ya 3: Kuchora
Kikundi kichore mche, wadudu waharibifu upande mmoja na wadudu rafiki, yaani wanaokula hao waharibifu, upande wa pili. Tumieni penseli na karatasi kubwa. Projekta iacheni ofisini, kwa sababu ikishawashwa watu hutazama ukuta na kuusahau mche waliotoka kuukagua.

Hatua ya 4: Chupa za wadudu
Hapa mdudu mnayemtilia shaka hufungiwa chupani ili muone anakula nini. Hatua hii iliwahi kunigharimu siku mbili nzima. Washiriki walileta mdudu mwenye koleo mkiani wakidai kuwa anakula mahindi, nami, badala ya kuwajibu, nikamtia kwenye chupa ya plastiki pamoja na viwavi watatu. Kesho yake alibaki kiwavi mmoja, na kila mtu akashangilia kwamba mdudu yule ni rafiki. Kumbe viwavijeshi vamizi hulana wenyewe kwa wenyewe wakifungiwa pamoja, kwa hiyo jaribio langu halikuthibitisha lolote, na ilinibidi kuwakusanya watu upya na kukiri kosa.

Tangu hapo huandaa chupa mbili, kila moja ikiwa na jani lenye fungu la mayai ya kiwavijeshi, lakini mdudu wa koleo huingia katika moja tu. Mayai ya chupa yake yakiliwa na ya pili yakabaki, ushahidi unajitosheleza. Mdomo wa chupa ufungwe kwa kitambaa chepesi, maana kifuniko huzuia hewa, na chupa zikae kivulini. Zikiachwa juani hata kwa saa chache, mtajadili maiti.

Mshiriki akiuliza, "Mwalimu, huyu ni mdudu gani?", mrudishieni swali: amemkuta wapi, na alikuwa akifanya nini? Kunyamaza ni kugumu kuliko kufundisha, hasa kwa sisi tuliozoea kuitwa bwana shamba.

Hatua ya 5: Uamuzi
Kila kikundi kiwasilishe mchoro wake, kisha darasa liamue kama litapulizia dawa, litaua viwavi kwa mkono au litasubiri. Uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, nao ndio utakaofunguliwa wa kwanza wiki inayofuata, mkiwa mmesimama mbele ya miche ileile.